Roli la makumbi kwa ukingo wa bwawa: zuri, ila angalia unachopanda

Kwa kuficha turubai (lile la kuzuia maji kuvuja) ukingoni mwa bwawa dogo la kuvutia wanyamapori, roli la nyuzi za makumbi, yaani bunda refu la mviringo, linashinda mawe: mizizi hushika, na vyura hupanda bila kuteleza. Lilaze nusu ndani ya maji, nusu nje, ulifunge kwa kamba kwenye vigingi vya nchi kavu. Kigingi kisiguse turubai. Toboa matundu kila sentimita 20 hadi 30, kisha panda mimea asilia ya eneo lako, hasa mafunjo mafupi. Matete achana nayo kabisa: mashina yake ya chini ya ardhi yana ncha kali, hutoboa turubai. Kasoro ni maroli yanayouzwa yakiwa na udongo wenye mbolea ndani. Hayo hujaza maji mwani. Chukua lisilo na udongo.