RPG ipi ununue: usilipie ukubwa wa ramani

Wauzaji wa gemu za RPG (zile unazocheza kama mhusika ndani ya hadithi) hupenda kusifia ukubwa wa ramani. Mimi huuliza swali moja tu: nikimsaliti mtu leo, kesho gemu itakumbuka? Hizi nne nimezipanga kwa kipimo hicho, pamoja na uzito wake kwenye kompyuta na kwenye bando.

Ya kwanza ni Fallout: New Vegas (2010). Ni ya zamani, hivyo laptopu ya kawaida inaimudu. Unaanzia Goodsprings, na jiji la New Vegas liko kaskazini, si mbali. Hakuna ukuta wa kukuzuia kushika njia hiyo fupi. Kuna deathclaw, madude ya makucha marefu yatakayokumaliza kabla hujajua umepigwa na nini. Wengi huzungukia kusini. Mjanja anayejua kunyata hupenya. Mwishoni, Bwawa la Hoover linagombewa, nawe unaweza kupigania jamhuri ya NCR, jeshi la Legion, Mr. House anayelitawala jiji, au kujitwalia jiji mwenyewe. Karibu kila mtu unaweza kumuua, na ukimuua, misheni zake zimekwenda naye. Hata ukigombana na wote, roboti Yes Man bado atakupokea, kwa hiyo hadithi haikwami. Sijaona gemu iliyosuka uhuru na hadithi vizuri namna hii.

Baldur's Gate 3 (2023) ina uhuru wa ajabu zaidi. Kwa uchawi unaweza kuhoji maiti, lakini maiti hukataa kusema na aliyemuua, hadi ujibadili sura! Nimeiweka ya pili kwa sababu inadai GB 150 kwenye SSD (diski ya kasi) na kadi nzuri ya michoro. Kama unavyo, ianze hii.

Ya tatu, Final Fantasy X (2001), ina njia moja kwa sehemu kubwa ya safari, na ndivyo inavyopaswa kuwa: binti aitwaye Yuna yuko kwenye hija, hekalu hadi hekalu, na mwenye nadhiri hachepuki. Ukirudi kazini umechoka, una saa moja tu, nunua hii. Utajua pa kuendelea.

Skyrim (2011) ni ya mwisho. Unaweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi huku uchawi wenyewe huujui, na wahusika wengi muhimu hawafi: wanapiga goti, kisha wanainuka. Inunue kama unataka kupanda milima uone kilicho ng'ambo. Kwa hilo inazipita zote tatu.