Jaketi la ngozi linalokukaa: anza na futi, lebo baadaye

Kwenye meza moja ya mtumba, Gikomba au Karume, unaweza kuokota majaketi matatu ya ngozi yote yameandikwa L. La kwanza zipu inagoma katikati ya tumbo, la pili linakaa, la tatu mngeingia wewe na shemeji yako. Hakuna aliyekudanganya. Herufi S, M na L hazina sheria inayozibana. Kila kampuni inakata kwa kufuata mwili wa mteja inayemlenga, na mtumba unakusanya nguo za wateja wa nusu ya dunia. Kwa hiyo "navaa saizi gani?" ni swali lisilokupeleka popote. Uliza jaketi lina sentimita ngapi kutoka kwapa hadi kwapa.

Kwenye ngozi kosa la saizi linauma kuliko kwenye kitambaa. Shati fundi analifumua, analishona upya, pasi inafuta alama. Ngozi ikishapitiwa na sindano tundu halizibi, na ndani ya mshono huwa imeachwa kama sentimita 1 tu, tena imebandikwa gundi. Kupunguza kunawezekana. Kuongeza, sahau.

Kipimo chako na kipimo cha jaketi

Chukua futi ya fundi. Zungusha kifuani, chini ya kwapa, mahali kifua kilipo kipana zaidi, bila kuvuta pumzi ili uonekane wa mazoezi. Kwenye namba hiyo ongeza nafasi ya kupumua: sentimita 6 hadi 8 kama unataka jaketi la kubana juu ya fulana, 10 hadi 12 kama kuna sweta jepesi ndani, 14 hadi 16 kwa sweta zito la Njombe au Limuru mwezi wa saba. Kisha gawa kwa mbili. Mwenye kifua cha 100 anayetaka nafasi ya 10 anapata 110, nusu yake 55. Hiyo 55 ndiyo namba ya kwenda nayo sokoni.

Sasa lilaze jaketi mezani, zipu imefungwa, ulinyooshe kwa kiganja bila kulivuta. Pima kwapa hadi kwapa, kwa mstari ulio kama sentimita 2 chini ya mshono wa kwapa. Pima bega, mshono hadi mshono kupitia mgongoni. Pima mkono kuanzia mshono wa bega hadi ncha. Kama mkono umeunganishwa moja kwa moja na kola, bila mshono wa bega, anzia katikati ya kola, na usilinganishe namba hiyo na ya jaketi lenye mshono. Mwisho pima mgongo, kutoka chini ya kola hadi pindo. Kama nyumbani una koti lolote linalokukaa vizuri, lipime hivyo hivyo. Vipimo vyake vinne vina kazi kuliko jedwali lolote la saizi.

Kuna mtego ambao hata wazoefu unawanasa: unene. Futi inapima nje, wewe unakaa ndani. Majaketi mawili yote yana 55 kwapa hadi kwapa, moja lina bitana nyepesi, la pili lina bitana yenye sponji inayozidi kwa milimita 5. Mzunguko wa ndani wa hilo la pili umepungua kwa sentimita 3 hivi, yaani nafasi ya sweta lako imeliwa na sponji. Jaketi lenye bitana nene litafutie namba kubwa kwa sentimita 1 hadi 2 kwenye kipimo cha mezani.

Namba za kwenye lebo

Lebo si za kutupa. Zinakusaidia kuchagua majaketi ya kujaribu kwanza. Kwa wanaume, 40 ya Marekani au Uingereza ni inchi za kifua, yaani kama sentimita 102. Namba 50 ya Italia au Ujerumani ni nusu ya kifua kwa sentimita, hivyo ni mwili wa kifua cha 100. Ila jaketi la Kiitaliano la 50 mara nyingi limekatwa jembamba kiunoni na mikononi kuliko la Kijerumani lenye namba hiyo hiyo. Lebo ya Korea iliyoandikwa 100 ni kifua cha sentimita 100. Ya China kama 175/100A inataja urefu wa mtu, kisha kifua, na herufi A ni umbo la kawaida. B na C ni za wenye tumbo. L ya Japani ni kifua cha 96 hadi 104, karibu sawa na M ya Marekani, na ndiyo maana mtu wa L akivaa L ya Kijapani anahisi amefungwa kamba.

Wajerumani wana vituko vyao. Ukikuta 25 kwenye jaketi la mtu mzima, si la mtoto: ni 50 ya watu wafupi. Ukikuta 98, ni 50 ya watu warefu. Mfupi anayepita mlima wa mtumba bila kujua hilo anaacha nyuma majaketi yaliyokatwa kwa ajili yake, yenye mikono ya kimo chake.

Kwa wanawake namba zinapishana kwa ngazi: 38 ya Ujerumani ni 40 ya Ufaransa, 44 ya Italia, 12 ya Uingereza. Mwenye kifua kikubwa na mabega membamba achague kwa bega, kisha atafute jaketi lenye mshono unaopita juu ya titi, kwa kuwa hapo ndipo ngozi imepewa umbo. La kiume lililonyooka litafunga kifuani na kuning'inia mabegani.

Kwapa ndilo linaloamua

Wengi hudhani tundu la mkono likiwa kubwa ndiyo utasogea kwa raha. Ni kinyume. Tundu likishuka chini sana, mkono unakuwa umeungana na kiwiliwili, na ukiinua mkono unainua jaketi zima. Tundu dogo lililo juu, karibu na kwapa lenyewe, linauacha mkono uende peke yake.

Jaribu hivi dukani. Funga zipu hadi juu, inua mkono kana kwamba umeshika bomba la daladala. Pindo likipanda sentimita 5 ni kawaida. Likipanda 10 na kuonyesha mkanda, liache hata kama kifua kimekaa. Kisha jikumbatie: mgongo ukaze, lakini usisikie mshono ukilia. Kaa kwenye stuli uone kama zipu inatunisha tumbo. Mshono wa bega uishie kwenye mfupa, ukizidi usizidi sentimita 1. Mkono ushuke chini ya mfupa wa kifundo kwa sentimita 1 hadi 2, maana ngozi ikishajikunja viwikoni, mkono utapanda.

Muuzaji akikwambia "itaachia tu, bosi", amesema nusu ya ukweli. Ngozi ya kondoo huachia viwikoni na mgongoni ndani ya wiki chache za kuvaa, ya ng'ombe inataka miezi. Bitana haiachii. Ukililazimisha jaketi, bitana ndiyo inayochanika, na huanzia chini ya kwapa. Mabega nayo hubaki yalivyo.

Wapi pa kununua, kwa mpangilio wetu

Namba moja ni mtumba unaoujaribu mwenyewe. Ngozi imeshaachia pale inapoachia, na kasoro zake zimeshajitokeza. Kunja kola na ndani ya kiwiko: mikunjo laini ni sawa, nyufa zinazoonyesha rangi ya ndani maana yake ngozi imekauka, na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Chungulia ukingo uliokatwa, ndani ya mfuko au chini ya pindo. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi kama za nyama kavu. Ngozi bandia inaonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki. Bandia ya mtumba usiiguse, hasa ukiishi Pwani: joto na unyevu vinaivunja plastiki hiyo taratibu, na siku moja jaketi linaanza kubanduka magamba kolani. Harufu ya ukungu nayo ni sababu ya kuliacha. Bitana iliyochanika au zipu mbovu isikukimbize, fundi anabadilisha vyote viwili. Tumia kasoro hizo kushusha bei.

Namba mbili ni fundi wa ngozi. Kwa mwenye mwili usiofuata majedwali (mabega mapana na kiuno chembamba, mikono mirefu, tumbo) huyu anapanda kuwa namba moja, ila kwa masharti. Kwanza, ashone jaketi zima kwa kitambaa cha bei rahisi, ulivae, arekebishe, ndipo akate ngozi. Asiyetaka kufanya hivyo anajaribia kwenye ngozi yako. Pili, uliza unene. Ngozi nyingi zilizo mikononi mwa mafundi ni za viatu, na jaketi la ngozi ya milimita 1.8 linasimama lenyewe kama mlango. Taka milimita 0.8 hadi 1.0 kwa mbuzi au kondoo, 1.0 hadi 1.2 kwa ng'ombe. Tatu, hesabu ngozi: jaketi la mwanaume wa wastani hula futi za mraba 35 hadi 45, na ngozi moja ya mbuzi hutoa kama 5 au 6, hivyo ni ngozi 7 hadi 9 zinazopaswa kufanana rangi. Zipange mezani mbele yako kabla hajakata. Mishono iwe ya milimita 3 hadi 4; ikiwa midogo kama ya shati, vitundu vinasogeleana na ngozi inachanika kama stempu.

Duka la majaketi mapya ni namba tatu. Faida ni kwamba unaweza kuomba saizi mbili na kuzijaribu kwa zamu. Hasara ni kuwa mengi ya yanayoitwa ngozi ni bandia kwa bei ya ngozi. Soma lebo ya ndani: ikiandikwa PU au polyurethane, yaani plastiki, mazungumzo ya bei yaanze upya. Kati ya saizi mbili, chukua inayokaa begani. Kiuno fundi anaweza kukipunguza kwa sentimita 2 hadi 4, na mkono usio na zipu kwa 2 au 3. Bega linataka mkono ung'olewe wote.

Mwendesha pikipiki ana kanuni yake. Ajaribu jaketi akiwa amekaa, mikono mbele kama ameshika usukani. Hapo mkono wa jaketi ufike angalau kwenye kifundo, na kinga ya kiwiko ibaki juu ya kiwiko. Akisimama, jaketi la namna hii huonekana refu mikononi na fupi mbele, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kwa yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, atafute EN 17092 kwenye lebo, kiwango cha Ulaya cha mavazi ya pikipiki: kati ya madaraja AAA, AA na A, AAA ndilo la juu kwa kuhimili msuguano, na A ni la chini zaidi katika hayo matatu.

Kuagiza mtandaoni ni namba nne, na ni kwa anayeuziwa sentimita. Mwombe muuzaji picha nne zenye futi imelazwa juu ya jaketi: kwapa, bega, mkono, mgongo. Uliza na unene wa bitana. Linganisha na koti lako la nyumbani. Tofauti ya sentimita 1 kwapani si neno, lakini bega likipungua kwa 1.5 liache lipite. Angalia kama namba anayokupa ni ya mwili au ya nguo, kwa sababu majedwali mengi huchanganya hayo mawili, na kosa hilo pekee linaweza kukukosesha sentimita 10. Likifika, lijaribu ndani ya nyumba juu ya fulana safi, lebo zikiwa zinaning'inia, kabla muda wa kurudisha haujaisha. Muuzaji anayejibu "ni L ya kawaida, itakutosha" na hataki kushika futi, mwache na L yake.