Tahadhari: anayeuza "marejeleo tayari" Kondele, Kisumu

Wenzangu mnaoandika tasnifu Kisumu, Maseno na Kakamega, someni hii kabla hamjatuma pesa.

Kuna kijana anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi, na ana meza ndani ya saiba moja Kondele. Anauza sura ya pili nzima, ile ya mapitio ya tafiti zilizotangulia, pamoja na marejeleo 40, kwa shilingi 3,500. Nilimtumia kwa M-Pesa mwezi wa tatu, na faili ikafika usiku uohuo. Ilipangika vizuri mno: waandishi, miaka, kurasa, hadi namba za DOI, yaani namba ya kudumu inayotambulisha kila makala mtandaoni.

Msimamizi wangu hakuanza na maandishi. Aliifungua orodha ya mwisho, akaandika DOI ya rejeleo la nne kwenye doi.org mimi nikitazama. Ikaja makala ya lishe ya ng'ombe wa maziwa. Mimi nachunguza utoro wa wasichana shuleni huko Nyando! La tano halikupatikana kabisa. La saba ndilo lililoniuma zaidi: mwandishi yupo, jarida lipo, lakini tulipofungua toleo lenyewe, kurasa zile zilikuwa na makala ya mtu mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke. Tukayapitia yote. Ya kweli yalikuwa 11.

Nilipomdai pesa zangu akaniletea biashara nyingine, kwamba makala yangu itoke kwenye jarida la "kimataifa" kwa siku 3, nilipe 9,000. Hapo mkimbieni kabisa. Wataalamu wakiipitia makala kwa haki, kwa kawaida huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi. Jarida la siku 3 linataka ada yako tu.

Ukipewa jina la jarida, litafute kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, kisha ingia kwenye tovuti yake kupitia hukohuko. Usifuate kiungo ulichotumiwa, kwa sababu matapeli huiga jina na hata ISSN (namba ya utambulisho) ya jarida halali. Kutoonekana huko peke yake si ushahidi wa utapeli, muulize mkutubi.

Kijana huyu ameshabadilisha namba ya simu mara mbili, kwa hiyo mtambueni kwa maneno yake: "marejeleo tayari, msimamizi hatagusa."

Sura ya pili naianza upya. Mkutubi wa chuo alikaa nami saa mbili bila malipo, tukapata makala 6, na zote nimezisoma.