Kisarawe na Bagamoyo kwa baiskeli ya changarawe: njia safi, tairi ndiyo kesi

Nianze na hili: safari hii ya kampuni ya utalii wa baiskeli nililipa mwenyewe, sikupewa ofa, na mwenye kampuni simjui. Jina lao silitaji kwa sababu waliyokosea yanarekebishika, na kijana aliyetuongoza anakula kupitia kazi hiyo.

Safari ni ya siku mbili, Sh 240,000 kwa mtu: baiskeli ya changarawe (ile ya kukanyagia barabara za vumbi na kokoto), kofia ngumu, kiongozi, gari la kubebea baiskeli na chakula cha mchana. Siku ya kwanza ni vilima vya Pugu na Kisarawe, ya pili ni njia za vumbi za pwani hadi Bagamoyo. Usiku kila mtu analala kwake. Mimi nakaa Tabata, haikunisumbua. Jamaa yangu wa Mbezi Beach alinung'unika njia nzima.

Tangazo lao lilikuwa na picha ya barabara nyeupe ikipanda kilima, pembeni miti mirefu myembamba imejipanga kama gwaride. Nilicheka peke yangu. Ile miti ni ya Toscana, kule Italia, ambako barabara za changarawe zimekuwa mali: tangu 1997 kuna tamasha la L'Eroica la watu wa baiskeli za kizamani, na tangu 2007 kuna mashindano ya Strade Bianche yanayomalizikia kwenye uwanja wa mji wa kale wa Siena. Kisarawe miti hiyo hakuna. Kuna mikorosho, miembe na mifenesi, na ardhi ni nyekundu na ngumu, halafu ghafla ni mchanga. Hawa jamaa wamechukua picha Italia, na kwa bahati mbaya wamechukua na tairi zake.

Tulikutana Pugu Kajiungeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapo nawapa maksi zote, maana kukanyaga Barabara ya Nyerere kutokea mjini, katikati ya malori na daladala, ni kutafuta kesi. Baiskeli zilikuwa safi: fremu ya alumini, breki za diski, gia zinaingia bila kelele, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Kiongozi alimpima kila mmoja, akapandisha siti, akakagua breki. Nikabonyeza tairi kwa dole gumba. Upana milimita 38, na upepo umejazwa mpaka tairi imekuwa jiwe. Nilikaa kimya, nikidhani wao ndio wataalamu.

Tulipita karibu na Sekondari ya Pugu, pale Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha kabla ya kuacha ualimu 1955 ashike siasa moja kwa moja. Kiongozi alilisema hilo kwa sentensi mbili huku anakanyaga, tukapitiliza. Kwa mtu aliyetangaza "historia", ilikuwa haraka mno.

Getini kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ndipo nilipojua kiingilio hakimo kwenye bei. Tulisimama tukingoja namba ya malipo iingie kwenye simu, mtandao unakuja na kuondoka. Si hela nyingi, lakini ungeniambia jana ningelipa jana.

Ndani ya msitu, manung'uniko yote yaliisha. Ukiingia tu joto la Dar linakatika kama mtu kazima jiko. Njia ni ya udongo uliokandamizwa, imefunikwa majani makavu yanayolia chini ya tairi, na mizizi inakatiza hapa na pale, inakubidi uinuke kwenye siti. Juu kima wanarushana. Tulifika hadi kwenye mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe wa kutengenezea vyombo. Popo hutoka jioni, sisi tulikuwa asubuhi, kwa hiyo tuliambulia harufu tu. Harufu yenyewe si haba.

Vilima hivi havifiki mita 400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Lushoto atakucheka ukiviita milima. Ila vinapanda, vinashuka, vinapanda tena, na hakuna sehemu ya kupumzikia mguu. Nyuma ya msitu, kwenye mpando mmoja usio mrefu hata kidogo, barabara ilibadilika kuwa mchanga. Tairi ya mbele ikazama, usukani ukaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Nilipoinuka, ananipita mzee mmoja wa makamo na baiskeli ya Phoenix nyeusi, magunia mawili ya mkaa nyuma na jingine limelazwa kwenye fremu. Anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye siti, kiatu cha matairi, hatua fupi fupi zisizobadilika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeanguka na gia zote hizo?"

Sikuwa na jibu. Akatazama tairi langu, akacheka. "Hilo limeshiba upepo. Litoe pumzi kidogo."

Huyo mzee ndiye aliyeniokolea safari. Nilimwambia kiongozi, akakuna kichwa, akasema ofisini huagizwa wajaze upepo hadi paundi 60 ili zisipate pancha. Tukashusha hadi karibu nusu. Tofauti niliisikia hapo hapo: tairi linajitandaza, linaelea juu ya mchanga badala ya kuukata, na mikono inaacha kufa ganzi. Bado milimita 38 ni nyembamba kwa ardhi yetu. 45 na kuendelea ndiyo ingefaa. Lakini kushusha upepo hakuna gharama, na kampuni inayouza njia hii ilipaswa kujua kabla ya muuza mkaa.

Kisarawe mjini tulikula kwa mama lishe karibu na stendi, chapati mbili, maharage ya nazi na chai ya tangawizi. Nimeona wengine wanalalamika eti "chakula cha mchana" ni cha mama lishe. Mimi naona ndiyo sehemu waliyopatia kabisa. Ukiwa na chumvi imekauka usoni hutaki sandwichi.

Kutoka hapo tukapita upande wa Minaki, tukazunguka vijijini na kurudi kwa kushuka. Huo mteremko ndio niliolipia. Udongo mwekundu umeshindiliwa, kona pana unaziona kutoka mbali, mikorosho pande zote mbili, watoto wanakimbia pembeni wanapiga kelele "mbio! mbio!", na kwa kama dakika tatu nzima sikugusa pedali. Saa yangu ilionyesha kilomita 43 kwa siku, na ningezirudia zote kwa ajili ya dakika hizo tatu.

Mwiba ulimpata jamaa yangu kijijini, chini kabisa. Kiongozi akatoa tyubu ya akiba: valvu nene kama ya gari, wakati tundu la rimu ni la valvu nyembamba. Haiingii hata kwa dua. Akatuokoa fundi wa chini ya mwembe. Akachovya tyubu ya zamani kwenye beseni la maji, akaona vipovu, akakwangua kwa kipande cha bati, solushani, kiraka, kwisha. Sh 1,000. Gari letu la usaidizi lilifika sisi tumeshaondoka.

Siku ya pili nitaisema kwa ufupi, maana ina uzito mdogo. Gari lilitushusha Mapinga, tukakaa upande wa bahari kupitia Zinga na Mlingotini. Kwenye ramani inapendeza. Chini, mchanga ni mwingi kuliko barabara, na kuna sehemu tulitembea tumeshika baiskeli kama watu wanaopeleka ng'ombe mnadani. Saa nne jua limeshachachamaa.

Kaole ikafuta hasira. Magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, kimya, upepo wa baharini. Pana na mbuyu mmoja, mwenyeji pale akatuambia ukiuzunguka unaongeza umri. Jamaa yangu aliuzunguka mara mbili, akisema mara ya pili ni ya magoti.

Bagamoyo mjini tulipewa dakika 40. Huu ndio mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891 walipohamia Dar, wenye misheni ya 1868 ambako mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulifikishwa 1874, uliobebwa kutoka bara na watumishi wake akina Chuma na Susi. Dakika 40 zinatosha kulipiga picha Boma la 1897 na kula pweza sokoni. Misheni hatukuiona. Wangekata kilomita kumi za mchanga watupe saa mbili za mji.

Kwa hiyo ukiniuliza, chukua siku ya kwanza peke yake. Wanaiuza Sh 130,000. Bagamoyo panda daladala Jumamosi nyingine, uende na viatu vya kutembelea. Ukipiga simu, waulize upana wa tairi, na tyubu ya akiba ina valvu gani. Wakisema "usijali boss", jali. Usiende wakati wa masika, ule udongo mwekundu ukilowa unashika tairi kama ugali. Beba maji lita tatu, wao wanatoa chupa moja ndogo.

Kiongozi nampa tano juu ya tano. Jioni ya siku ya kwanza alishusha upepo wa baiskeli zote sita bila kuomba ruhusa ofisini. Amana yangu ya Sh 50,000 walisema itarudi "leo leo". Ilirudi siku ya tano, baada ya simu tatu, na ada ya kutuma wakaikata humo humo.