Waliyomfanyia Jo dukani: uzoefu wangu na Funny Face

Nimeimaliza Funny Face na nina hasira. Watu wote walioniambia niitafute walisema maneno yaleyale: filamu ya kale, ya mwaka 1957, nyepesi, ya kuchekesha, magauni mazuri, Audrey Hepburn na Fred Astaire wanacheza Paris, utajipumzisha. Hakuna hata mmoja aliyenitahadharisha kuhusu duka la vitabu.

Jo Stockton ni binti anayeuza vitabu katika duka lenye giza huko Greenwich Village, New York. Yuko juu ya ngazi ya rafu, na kazi zake. Mara mlango unafunguliwa na linaingia kundi zima la jarida la mitindo: mhariri, mpiga picha, mwanamitindo, wasaidizi na mataa yao. Hodi hawapigi. Salamu hakuna. Mhariri, Maggie Prescott, ameshaamua kwamba toleo lijalo linataka picha za mwanamke anayeonekana ana akili, na vitabu vya mwenzake ndivyo vitakuwa pambo. Jo anajaribu kuwaambia kwamba hawana ruhusa. Wanamsogeza huku, wanamsogeza kule, wanamweka kidogo kwenye picha kama kifaa, na akizidi kusema wanamtoa nje na kufunga mlango. Binti wa watu anabaki kugonga kioo cha duka analolisimamia yeye! Na eti hapo ndipo tunapotakiwa kucheka.

Sikucheka, kwa sababu mimi nauza vitabu vilivyotumika na watu hao nawajua. Wanakuja siku hizi na simu na taa yao ya duara, wanachomoa vitabu kwa kufuata rangi ya jalada, wanapiga picha, wanaondoka. Juzijuzi mmoja alikikunjua kamusi cha zamani kikakatika mgongo, akakiweka palepale chini, akaniuliza kama feni ingeweza kuzimwa maana inamharibia nywele. Sasa nione jambo lilelile linafanywa kwa muziki mzuri na watu waliovaa vizuri, halafu niambiwe ni utani? Tena mwanamitindo wao, aliyeigizwa na Dovima, mwanamitindo maarufu kweli wa miaka hiyo, anashikishwa kitabu kizito huku mwenyewe anataka kusoma katuni zake. Wangempa Jo dakika moja tu, angewaeleza kitabu kile kinahusu nini.

Wanapoondoka, vitabu vimetapakaa sakafuni. Mpiga picha, Dick Avery, anayeigizwa na Fred Astaire, anabaki kumsaidia kuokota. Nikasema afadhali, kumbe kuna mmoja mwenye adabu. Kabla sijamaliza kumsifu, ameshambusu. Hakuulizwa mtu. Kisha naye anakwenda zake.

Hapo nilikuwa tayari kuizima. Kilichonizuia ni Audrey Hepburn, anayeigiza Jo. Anabaki peke yake katikati ya ule uharibifu, anaokota kofia waliyoisahau, yenye kitambaa kirefu cha rangi, anaanza kuimba. Ni sauti yake mwenyewe. Miaka michache baadaye, katika My Fair Lady ya 1964, nyimbo zake nyingi alikuja kuimbiwa na mwimbaji Marni Nixon, na wengi wakaamini kwamba hajui kuimba. Wasikilize hapa. Sauti si kubwa, haipandi sana, lakini ni ya mtu anayejishangaa mwenyewe, na inaendana na lile duka tupu kuliko ambavyo sauti ya mwimbaji mahiri ingeendana nalo. Nilikaa kimya. Nyota zangu zilizokuwa mbili zikawa tatu.

Halafu wanarudi tena kumdhulumu. Maggie anaagiza vitabu vipelekwe ofisini kwake, Jo anavibeba kwa nia njema, kumbe ni mtego. Wanataka kumgeuza mwanamitindo, na kundi zima linamvamia kama nguo iliyo kwenye henga, nywele zikatwe, uso upakwe, yeye akipiga kelele. Anakimbia. Nisemeje? Kay Thompson anayeigiza Maggie ni hodari mno, na ule wimbo wake wa mwanzoni wa kuwaamuru wanawake wote wavae rangi ya waridi ni moto. Siwezi kumnyima haki yake. Anatembea kama mtu ambaye sakafu ilijengwa kwa ajili yake. Lakini tazama anachokifanya: nchi nzima inapakwa waridi kwa neno lake, hata dawa ya meno, naye akiulizwa mbona yeye hakuvaa, anajibu kwamba hiyo rangi hata akifa haivai. Huyo ndiye anayemwambia Jo kwamba hajui kujipamba!

Jo anakimbilia kwenye chumba cha kusafishia picha, na hapo hasira yangu ilikosa pa kushika. Taa nyekundu tupu. Dick anasafisha picha yake, ile iliyopigwa dukani. Uso unatokea mkubwa kwenye karatasi nyeupe, mweupe mpaka mipaka yake imepotea, yamebaki macho, nyusi, matundu ya pua na midomo tu. Picha yenyewe ni ya Richard Avedon, mpiga picha wa mitindo aliyekuwa mshauri wa filamu hii na ambaye Dick amechongwa kwa mfano wake. Jo anasema uso wake ni wa kuchekesha, Dick anamwimbia kwamba ndiyo, na ndiyo anaoutaka. Waliokuwa wakienda studio zamani kuchukua picha za pasipoti wataijua harufu ya chumba kile bila kuambiwa. Tatu na nusu.

Paris sitaieleza yote. Jo anakubali kwenda kwa sababu anataka kumsikia Profesa Flostre, mwanafalsafa wake, na jarida linamtumia hamu hiyo kama chambo. Ila kuna siku ya kupiga picha kwenye makumbusho ya Louvre. Yuko juu ya ngazi, nyuma ya ile sanamu ya kale ya Kigiriki, ya ushindi ya Samothrace, isiyo na kichwa, amevaa gauni jekundu la Givenchy, mbunifu wa mavazi wa Kifaransa. Anatokea, anainua mtandio juu kwa mikono miwili, anashuka mbio. Dick anamwambia asimame. Hasimami. Anamwambia yeye apige picha! Binti aliyetolewa nje ya duka lake sasa ndiye anayetoa amri, na Dick anatii, na picha inagandishwa kwenye skrini kama ukurasa wa jarida. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Nne. Nne kamili, na kama filamu ingeishia pale ningempigia simu kila mtu.

Na ile ngoma ya kwenye kilabu cha chini ya ardhi, Jo kavaa nyeusi tupu na soksi nyeupe! Inasimuliwa kwamba Hepburn alizikataa zile soksi na mwongozaji, Stanley Donen, akashikilia. Donen alikuwa na haki. Kwenye giza lile soksi ndizo zinazokuonesha miguu inafanya nini, na miguu ya yule mwanamke ilifundishwa ballet toka utotoni. Astaire naye ana ngoma yake uani, na mwavuli na koti lenye bitana jekundu analoligeuza kuwa kitambaa cha mpiganaji wa fahali. Mtu aliyezaliwa 1899 anaruka vile! Ndiyo, Hepburn ni wa 1929, miaka thelathini nyuma yake, na kila wanapokumbatiana nakumbuka. Wakicheza nasahau.

Sasa Flostre. Hapa ndipo waliponirudisha kwenye hasira, na hii ni mbaya kuliko ya dukani. Jo amesoma vitabu vya mtu huyu, ameamini mafundisho yake ya kuingia katika hisia za mwenzako, amevuka bahari kwa ajili yake. Anapompata, ni mwanamume mtongozaji tu, na inabidi ampige kichwani ajiokoe. Kwa nini? Mwandishi wa filamu hakulazimika. Angeweza kumpa profesa mwenye akili, Jo akabishana naye, kisha akachagua mwenyewe. Lakini hapana, vitabu vyote vinapakwa tope la mtu mmoja ili magauni yashinde bila kupigana. Na Jo, msomaji kuliko wote mle ndani, hapewi hata sentensi moja ya kusema kwamba mwalimu akiwa mbovu, wazo laweza kubaki zima. Huo ni uonevu. Nikazirudisha nyota hadi mbili, nikaamka nikaoshe vyombo.

Wifi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyenirudisha. Alikuwa amesimamisha filamu kwenye gauni la harusi, lile la Jo kwenye kanisa dogo kando ya maji, na anakaribia skrini mpaka pua inagusa. "Njoo uone kiuno hiki, dada. Kimeshushwa mpaka nyongani, hakina shanga, hakina lesi ya kujaza." Kweli. Shingo imekatwa kwa mlalo kutoka bega hadi bega, sketi ya tuli, kile kitambaa chepesi cha wavu, inaishia juu ya vifundo vya miguu, na ukitazama kwa karibu huoni mahali fundi alipojaribu kukuvutia. Wifi anasema wateja wake wangelilalamikia kwamba ni fupi. Anasema pia kwamba angetoa mwezi mzima wa kazi kulishona.

Basi siwezi kusema msiitazame. Mwenye mkono wa kushona aitafute leo, na picha iwe safi, maana nakala mbovu inaua ule wekundu. Mwenye duka la vitabu aipitishe haraka sehemu zote za Flostre. Nyota nne kwa magauni, kwa Kay Thompson na kwa ngazi za Louvre. Kwa walivyomtendea Jo sitoi hata moja, na aliyeandika ule mwisho wa profesa bado sijamsamehe.