Celica ya 1979 yenye injini ya Altezza: uzoefu wangu tangu iingie barabarani

Nianze na majibu ya maswali ninayoulizwa kila nikisimama kituo cha mafuta: ndiyo, inatembea, hapana, haichemshi, na siiuzi.

Ni Toyota Celica RA40 ya mwaka 1979, kizazi cha pili, milango miwili, pua ndefu. Ilikuwa imekaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya familia moja huko Machame, mibuni na migomba imeizunguka, na injini yake ya asili, 18R ya kabureta, imeshakufa kifo cha kweli. Sasa ina 3S-GE iliyotoka kwenye Altezza RS200 pamoja na giaboksi yake ya gia sita, breki kubwa za mbele, shokapu mpya na waya mpya kuanzia taa za mbele hadi za nyuma. Kazi nyingi imefanyika bandani kwangu Njiro, hapa Arusha. Ya kuchomelea na kuchonga vyuma imefanyika mtaa wa Unga Limited.

Naandika kama mtumiaji. Habari za kunyoosha bodi, puti na msasa kila mwenye mradi anazo, na picha zake zote zinafanana. Kinachozungumzwa kidogo ni gari lenyewe linakuwaje ukishaligeuza na kuanza kulitumia kwenye barabara zetu hizi.

Injini kwanza, maana ndiyo inayowavuta watu. Kwa namba za Toyota, 3S-GE hii ya gia za mkono inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Altezza yenyewe ina uzito unaozidi kilo 1,300, Celica haifiki 1,200. Hesabu hiyo inamtosha kijana yeyote kukosa usingizi. Lakini Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo hapa mjini wamebaki farasi 180 hivi, tena kama injini ni nzima kama ilivyotoka kiwandani, na injini ya mtumba ya umri huu haiwezi kuwa hivyo.

Chini ya mizunguko 4,000 gari ni mpole, unaweza kumpeleka bibi kanisani. Torki ya juu, yaani nguvu ya kusokota, inakuja kwenye 4,800. Kuanzia 6,000 ndipo sauti inabadilika na kiti kinakusukuma mgongo. Raha yake siwezi kuificha. Shida ni mahali pa kuipatia. Ukiwa gia ya pili na injini iko kwenye 7,000, spidi inakaribia 90. Njia nne ya kutoka Sakina hadi Tengeru imepita katikati ya makazi ya watu, mwisho ni 50, na tochi ya trafiki haikosekani. Faini ni shilingi 30,000 na afande hana haja ya kujua kwamba injini yako inapenda kulia juu. Ukishapita Tengeru njia inarudi kuwa mbili, unakaa nyuma ya fuso la ndizi hadi Usa River.

Kuna kichekesho kingine. Dashibodi nimeiacha ya asili, na geji ya mizunguko ina mstari mwekundu uliochorwa kwa ajili ya 18R. Mshale unaingia kwenye nyekundu wakati injini ya Altezza ndiyo kwanza inaamka. Mara ya kwanza mke wangu aliuona akashika dashibodi kwa mikono miwili: "Baba Neema, hiyo nyekundu si ya hatari?" Nikamwambia nyekundu hiyo ni ya injini iliyokufa. Hakutulia hata kidogo.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu injini ni hii: ni nzuri, ni imara, vipuri vyake vinapatikana kwa sababu Altezza zimejaa Tanzania, lakini ndicho kitu ninachokitumia kwa kiasi kidogo kuliko vyote katika gari hili. Anayetaka nguvu za kuovateki kwenye gia ya nne bila kushuka gia, hii siyo. Atafute injini inayovuta chini.

Ninachokitumia kila dakika ni giaboksi na breki, na hapa ndipo fedha yangu imelipa.

Giaboksi ya Altezza ni ndefu kuliko ya zamani, hivyo mlingoti wa gia umetokea nyuma zaidi. Tulikata tundu jipya sakafuni, tukaziba la zamani kwa bati, na propela ikapunguzwa na kupelekwa kwa mtu mwenye mashine ya kubalansi. Usiruke hatua hiyo ya kubalansi. Propela iliyokatwa kwa macho itakutetemesha kuanzia 80 na itakula bearing za giaboksi. Mlingoti sasa uko karibu na handibreki, kiwiko kinakaa vizuri, na gia zenyewe ni fupi na zimekaribiana. Kirungu chake nimechongewa na mchonga vinyago kwa mpingo. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na uzito huo mkononi unasaidia gia kuingia bila kusukumwa: unaanzisha kwa vidole viwili, chenyewe kinamalizia. Gari likishinda juani hakikuunguzi kiganja kama vile vya alumini. Kati ya tuta na tuta pale Kikatiti napiga pili, tatu, pili, tatu, wala spidi haifiki 50, na nakiri hiyo ndiyo burudani kubwa kuliko kuisukuma injini hadi mwisho.

Breki zilinisumbua roho. Mbele nilitaka kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za pistoni nne za Hilux, nyuma nikaacha dramu. Gereji ya kwanza ilinichongea braketi za chuma laini, matundu hayakulingana, na kalipa ya kushoto ikawa inakwangua rimu kwa ndani. Walichoniambia ni "itajizoesha, bosi." Breki haijizoeshi kwa kula rimu. Nikazing'oa, nikaenda kwa mchongaji mwingine, mzee asiye na maneno mengi, akapima kwanza kwa kadibodi, kisha akachonga kwa chuma kinene na kunipa na boliti za kiwango cha juu zenye namba kichwani. Alipomaliza alisema tu, "Sasa nenda kashuke nayo Kikafu."

Anayeijua barabara ya Moshi anajua maana yake. Ukitoka Boma Ng'ombe na kupita Kwa Sadala, barabara inadondoka hadi darajani Kikafu, malori yanashuka yakipumua hewa ya breki, na upande wa pili unapanda tena. Nimeshuka nikiwa nyuma ya lori la simenti lililosimama ghafla. Pedali ilikuwa ngumu na fupi, gari likanyooka, hakuna harufu ya pedi kuungua wala usukani kuvuta upande. Kwa gari lililoundwa miaka ya sabini, bila ABS ya kuzuia magurudumu yasijifunge, sina la kuongeza. Jambo moja tu la kuangalia: mbele kukiwa na kalipa kubwa na nyuma dramu ndogo, masta silinda (pampu ya breki) ya zamani haitoshi na pedali itazama. Badilisha vyote pamoja.

Kuchemsha ndicho kitu kilichowatisha wote walioangalia mradi huu, kwa sababu pua ya Celica ni nyembamba na nafasi ya rejeta ni ndogo. Tumeweka rejeta ya alumini, feni mbili za umeme na kulanti, maji maalum ya rejeta, badala ya maji ya bomba. Na mfuniko wa rejeta mpya. Watu hudharau mfuniko, lakini kwa urefu wa Arusha maji yaliyo wazi kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 95, siyo 100, na ni presha inayoshikiliwa na mfuniko ndiyo inayozuia yasichemke ndani ya injini. Ukiwa na mfuniko uliolegea huku kwetu, unachemsha mapema kuliko mwenzako wa Tanga. Foleni ya jioni ya Sakina nimekaa nayo feni zikiwaka na kuzima, geji haijavuka nusu.

Kinyume chake kiko kwenye petroli. Injini hii ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 na Wajapani waliitengeneza kwa petroli ya oktani ya juu, isiyogonga kirahisi. Arusha haisikiki kugonga, kwa sababu hewa ni nyepesi na kuna baridi. Ukishuka Moshi mchana, hewa ni nzito zaidi na joto lipo, na ukianza kupanda kutoka Kikafu kurudi Boma ukiwa gia ya juu na mguu mzito, unasikia vile vimlio vya kokoto ndani ya kopo. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inasikia pia, inarudisha nyuma taimingi ya cheche za plagi, na gari linapoteza uchangamfu. Dawa ni kushuka gia moja na kuacha injini izunguke. Ulaji wa mafuta safarini ni kilomita nane hadi tisa kwa lita, mjini bora tusitaje.

Umeme nimemwachia fundi wa waya na sitakusimulia. Neno moja tu: ukinunua nusu ya mbele ya Altezza iliyokatwa Japani, hakikisha kontrol boksi ipo, waya zake hazijakatwa katikati, na giaboksi ni ya injini hiyo hiyo. Wauzaji wengine wanakata waya kwa msumeno pamoja na bati, halafu wanakuambia fundi ataunga. Ataunga, na wewe utalipa mara mbili.

Karatasi zinataka uvumilivu. Injini ikibadilika, namba yake haiwezi tena kufanana na ya kwenye kadi, na afande wa kwanza atakayefungua boneti ataliona hilo. Tunza risiti ya injini na nyaraka zake za kuingia nchini, peleka gari likaguliwe, na taarifa za kadi zirekebishwe kabla ya kuanza kutamba. Bima ndogo nilipata bila maswali. Bima kubwa, kampuni moja ilikataa kabisa, nyingine ikataka ripoti ya mthamini na picha, ikakubali. Mthamini mwenyewe alihangaika, maana hana gari lingine la kulinganisha nalo.

Starehe? Hakuna. Usukani hauna pawa, kupaki pale soko la Kilombero ni mazoezi ya mabega. Sampu, bakuli la oili la injini, ndiyo iliyo chini kuliko vitu vyote, nimeifungia bamba la chuma na bado matuta nayapanda kwa mshazari huku daladala zikinipigia honi nyuma. Rasta, vile vituta vidogo vidogo vya kabla ya matuta, zinapigana na meno yako. Anayeishi kwenye barabara ya vumbi yenye mawe, kama ile ya kupanda kwa wakwe zangu, ajue kwamba gari hili litabaki lami na yeye atapanda kwa bodaboda.

Lakini gari hili linaleta watu. Pale Moshi karibu na mnara wa saa mzee mmoja alinisubiri nishuke. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anapapasa fenda. "Mwanangu, hii ndiyo ile ya rali ya Pasaka?" Siyo ile hasa. Celica zilizoshinda Safari Rally, ndiyo rali yenyewe ya Pasaka, mfululizo mwaka 1984, 1985 na 1986, Björn Waldegård akichukua wa kwanza na wa tatu na Juha Kankkunen wa katikati, zilikuwa TA64 zenye tabo, kizazi kilichofuata baada ya hiki changu. Nilianza kumweleza, nikaona hasikii. Alikuwa ameshaniambia walivyokuwa wakisimama barabarani wakiwa watoto, vumbi limewafunika. Nikamfungulia boneti.

Kwa nani basi? Kwa mtu mwenye gari lingine la kazi, mwenye fundi anayemwamini na asiyehesabu faida. Gharama zangu karibu nusu zimeishia kwenye vitu visivyoonekana: breki, kupooza, waya na bushi. Rangi na rimu niliviweka mwisho, na ningeshauri hivyo hivyo, kwa sababu fedha ikiisha kabla ya rangi unaendesha gari baya lakini linaloshika breki, na ikiisha kabla ya breki una gari zuri la kuegesha.

Kinachonishinda mpaka leo ni raba za milango za RA40. Hazipo. Nimeweka za Corolla DX zilizokatwa na kuungwa kwa gundi, na masika yakianza maji yanaingia miguuni mwa abiria. Nimetoboa tundu sakafuni kila upande na kuweka vizibo vya mpira. Mama Neema ameshajifunza kuvuta cha upande wake bila kuambiwa.