Wapiganaji Watatu, Uhai Mmoja: Uzoefu Wangu na Jump Force

Pambano lililonitia hasira na Jump Force, mchezo wa video wa kupigana unaowakutanisha wahusika wa katuni mbalimbali za Kijapani, silikumbuki lilikuwa la mwezi gani, lakini namna lilivyokwenda naikumbuka hatua kwa hatua. Nilikuwa nimepanga timu yangu ya siku zote, yaani Kenshiro, Kenshin na Ryo Saeba: mmoja wa ngumi, mmoja wa upanga na mmoja wa bastola. Mpinzani wangu, mtu nisiyemfahamu ambaye intaneti ilitukutanisha tu, alikuja na Frieza, Cell na Aizen, wabaya wakubwa wa katuni hizo. Mwanzoni kabisa alinipiga pigo moja safi, akanizidi uhai kwa kipande chembamba kama ukucha, na tangu hapo hakutaka tena kupigana. Alirudi nyuma hadi mwisho wa uwanja, akajaza nguvu, akarusha miale, akaruka pembeni kila nilipomkimbilia, kisha akaanza upya. Kila mbio niliyopiga ya kumfikia ilikula akiba ileile ninayoihitaji ili kujinasua nikikamatwa, kwa hiyo kadiri nilivyomfuata ndivyo nilivyojivua kinga kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwingiza Ryo nikitumaini kwamba risasi zake zingefika. Akajikinga tu, akasubiri. Saa ikaisha. Akatangazwa mshindi kwa ule ukucha wa uhai.

Baada ya hapo akaniletea ujumbe wa maneno mawili, "jifunze kwanza," na kabla sijaandika herufi moja ya kumjibu akawa ameondoka.

Huenda mtu atasema kwamba kosa ni la yule bwana na si la mchezo. Nami nilijiambia hivyo kwa siku kadhaa, mpaka nilipotulia na kuona kwamba yeye alifanya kile ambacho mchezo wenyewe unakilipa. Katika Jump Force unachagua wapiganaji watatu, lakini wote watatu wanagawana mstari mmoja wa uhai. Kenshiro akipigwa nusu ya uhai, Kenshin anayeingia kumpokea anaingia akiwa na nusu hiyohiyo, kana kwamba naye alikuwa uwanjani akipokea vipigo. Katika Dragon Ball FighterZ, mchezo mwingine wa kupigana kwa timu za watatu uliotoka mwaka mmoja kabla yake, kila mpiganaji ana uhai wake. Ukimtoa aliyejeruhiwa unampumzisha, na kumpoteza mmoja ni hasara unayoisikia hadi mwisho. Hapa kubadilisha mtu ni sawa na kubadilisha shati. Ndiyo maana aliyetangulia kwa ukucha mmoja hana sababu ya kujihatarisha tena: huwezi kumlazimisha akuletee mtu mchovu, kwa sababu hakuna mchovu.

Jambo hili ndilo ningetaka mashabiki walipigie kelele, lakini kelele nyingi zilikwenda kwingine. Mchezo ulipotoka Februari 2019, katika shamrashamra za miaka 50 ya Shonen Jump, jarida la katuni la Kijapani walikotoka wahusika hawa, watu walilalamikia nyuso za Luffy na Naruto zilizotengenezwa kama sanamu za nta, simulizi ambayo wahusika wake husimama wakitazamana kama wanaosubiri basi, na muda wa kungoja kati ya kila jambo na jambo jingine. Malalamiko hayo yote ni ya haki. Mimi nilikuwa nikiweka padi chini na kwenda kunywa maji. Kisha walikuwapo wale waliokasirika kwamba Ryo, mpelelezi wa kawaida, anaweza kumwangusha Frieza anayevunja sayari. Hao siwaelewi kabisa. Ukitaka mwenye nguvu katika kitabu ndiye ashinde daima, kaa usome kitabu. Kuwakutanisha mashujaa wa hadithi mbalimbali kuna utamu wake hapohapo, kwamba bastola inapata nafasi mbele ya mfalme wa anga, na katika hilo Jump Force haikukosea hata kidogo.

Tena nikisema kweli, nafasi hiyo inapofunguka hakuna mchezo unaoufikia. Wiki ile ile, au iliyofuata, nilikutana na mtu mwingine aliyekubali kuja karibu. Tulivunjana kinga, tukabadilishana wapiganaji katikati ya mapigo, kila mmoja akasubiri mstari wake wa mwamko ujae ili ampe mwenzake pigo kubwa la mwisho, na nilipompata kwa Kenshiro nilisimama kutoka kitini bila kujua. Ningeulizwa usiku ule ningesema huu ni mchezo mzuri unaochezwa na watu wabaya. Kesho yake nikakutana na Frieza wa tatu anayerudi nyuma, nikafuta kauli.

Sasa hata hasira yangu haina pa kwenda. Mchezo uliondolewa madukani mwa mtandao Februari 2022, na Agosti ya mwaka huohuo huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimwa. Mtu akiniuliza kama atafute nakala yake ya mkono wa pili, namwambia asiutafute. Akiwa ni mpenzi wa Ryo au Kenshiro, ambao hawapati michezo mingi ya namna hii, namwambia autafute lakini asilipe sana.

Mimi ningali nao. Jioni nyingine humpanga Ryo dhidi ya Frieza anayeongozwa na mashine, ugumu nikiwa nimeupandisha juu. Frieza huyo hakimbii. Hunijia mwenyewe, nami humpiga. Ila mara nikishamzidi kwa kipande kidogo cha uhai, vidole vyangu huanza vyenyewe kumrudisha Ryo nyuma.